Maji ya Mama Hodi

Akifa mwanamke katika mtaa ule, watu mpaka leo wanasahau. Mtu hutoka mbio na mtandio ukining'inia begani, hukata kona ya kinyozi, hufika kwenye mlango wa bluu, akanyanyua mkono agonge. Mkono hubaki hewani. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba Bi Pole haoshi maiti tena. Hugeuka taratibu, akaenda kumtafuta mwoshaji wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye haraka zake na mikono ya baridi, na kule msibani wanawake hutazamana. Hakuna anayemlaumu Bi Pole. Ila kimya alichokiacha kimo mle ndani, kimekaa mkekani pamoja na wafiwa.

Jina hilo alipewa na wanawake waliokuwa wakimmiminia maji. Kila alipomgeuza maiti alimwomba radhi. "Pole mwanangu, nakugeuza kidogo." "Pole dada, haya yamepoa, ngoja niongeze ya moto." Marehemu mumewe, fundi baiskeli mwenye ulimi, alikuwa akilalamika mbele za watu: "Mimi juzi nimejiponda kidole na nyundo, mtu kimya. Kumbe kupata pole ya mke wangu lazima nife kwanza!" Na alipokufa kweli, mkewe alimwosha mwenyewe, na waliokuwa nje ya mlango wanasema alimpa pole mpaka maji yakapoa.

Kazi aliachiwa na shangazi yake. Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini neno moja alilirudia mpaka likamkaa mpwa wake kama pete iliyobana kidoleni. "Maiti hawezi kuona haya, basi wewe uone haya kwa niaba yake. Hawezi kusema sitaki, basi wewe ujue asichotaka." Bi Pole aliosha kwa neno hilo ujana wake wote na utu uzima wake. Aliosha mabibi waliokuwa wepesi kama matete, aliosha mabinti waliokufa na hina mkononi. Mikono yake ikaijua njia: upande wa kulia kwanza, halafu kushoto, chini ya shuka, pasipo kufunua, maji ya majani ya mkunazi, na ya mwisho yenye karafuu maiti. Alikuwa anaweza kuosha huku akili yake ikifikiria bei ya mchele, na bado mikono isikosee. Hilo alilihesabu kuwa sifa.

Halafu akaja Mama Hodi.

Alikuwa mkunga. Kanisa lake, lililokuwa mji wa mbali, lilikuwa limenunua nyumba ya zamani nyuma ya kinyozi, likapaka chokaa, likaweka vitanda vya wazazi, likamtuma yeye akae humo peke yake, katika mtaa ambao hapakuwa na Mkristo hata wa dawa. Hakujificha. Msalaba wake mdogo ulikuwa shingoni, na salamu yake ilikuwa mdomoni. Huko kwao walimfundisha kwamba nyumba ya mtu haiingiliwi bila hodi, na yeye alilichukua somo hilo mzimamzima. Alipiga hodi mara tatu hata kama mlango uko wazi na wenye nyumba wamekaa wanamtazama. Siku moja alisikika akipiga hodi kwenye banda la mbuzi. Watoto wakampa jina, na alipokuja kufahamiana na jirani yake wakawa wanaimba, "Bi Pole na Mama Hodi, amebaki Bwana Karibu!"

Mwanzoni wanawake wa mtaa walimwogopa. Walisema atawapa watoto majina ya Kikristo wangali na damu ya uzazi. Walikutana uani kwa Bi Pole, wakajadili nani akamchungulie.

"Nenda wewe," wakamwambia. "Wewe huogopi maiti, utamwogopa Mkristo?"

Bi Pole akaenda. Alimkuta anafua mashuka, mikono imejaa povu.

"Karibu, dada. Umekuja kwa heri?"

"Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Pembe."

Mama Hodi akainama, akamwonyesha utosi. "Tazama vizuri, labda ndiyo kwanza zinachipua."

Bi Pole alicheka bila kutaka. Akakaribishwa ndani, akapewa chai, na kabla hajaionja akauliza. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Umetumwa kutubatiza?"

"Nimetumwa kuzalisha. Na kumwambia ninachokiamini yeyote atakayeniuliza."

"Basi nakuuliza mimi. Sema leo tumalize. Sitaki nikae na wewe kila siku nikisubiri utaanza lini."

Mama Hodi akakausha mikono, akakaa, akasema. Hakupamba. Bi Pole alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtu msibani, bila kukatwa. Kisha naye akasema ya kwake, na mwenziwe akasikiliza vilevile. Walipomaliza, kila mmoja alikuwa palepale alipokuwa amekaa.

"Sasa tumeambiana," Mama Hodi akasema. "Mlango wangu umeuona, na wako nimeuona. Atakayetaka kuingia atapiga hodi mwenyewe. Mtu haingizwi nyumbani kwa kusukumwa mgongoni."

"Hakuna kusukumana," Bi Pole akasema, na wakapeana mikono juu ya vikombe.

Urafiki wao ulianzia hapo, ukakua mpaka ukawa na mizizi. Mmoja alipokea, mwingine alisindikiza, na wote wawili kazi yao ilikuwa maji. Mama Hodi ndiye aliyemfundisha kuyapima kwa kiwiko. "Kiganja chako kimezoea moto, kinadanganya. Kiwiko hakina mazoea." Tangu hapo Bi Pole alipima kwa kiwiko maji ya maiti kama maji ya mtoto mchanga. Jioni walikaa kwenye benchi la kliniki wakitaniana.

"Wateja wako makelele, shoga. Ukuta mzima unatetemeka."

"Na wako je? Hata asante hawasemi."

"Lakini hawarudi kulalamika."

Mara moja kwa mwaka alikuja mkubwa wa kanisa, na gari lake na kofia yake. Alipoondoka Mama Hodi alikuwa mzito kwa siku kadhaa.

"Ameniuliza wangapi wameokoka," alimwambia Bi Pole mwaka mmoja. "Nikamwambia mwaka huu wameokoka mapacha, walikuwa wamekaa vibaya tumboni. Hakucheka."

"Watakuondoa?"

"Wakiniondoa nitaondoka. Wasiponiondoa nitaendelea kupiga hodi."

Bi Pole alitaka kusema kitu siku ile. Alitaka kuuliza kama inamuuma kukaa na watu anaowapenda huku akiamini wanapotea. Hakuuliza. Swali lile alilimeza, likakaa tumboni miaka mingi kama kokwa.

Mwaka wa homa kubwa, Bi Pole aliugua mpaka akawa hajui mchana wala usiku. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikwisha kuanza kulia kwa sauti ile ambayo mama mtu aliifahamu kwa kazi yake. Mama Hodi ndiye aliyekaa naye, akimkanda kwa kitambaa cha maji. Alipopata nafuu na kuweza kukaa, Bi Pole akamuuliza, "Uliniombea kwa njia yako?"

"Niliomba."

"Hapa? Juu ya kichwa changu?"

"Nje. Kwenye ngazi. Ndani ya chumba hukunikaribisha na ombi hilo."

Binti alithibitisha. Mvua ilikuwa ikinyesha, akasema, na mkunga alitoka nje, akaomba, akarudi amelowa, akashika tena kitambaa.

Ni baada ya homa ile Mama Hodi alipomwomba jambo. Walikuwa benchini, jua linateremka nyuma ya mapaa ya mabati.

"Nikitangulia mimi, nioshe wewe. Watu wangu wako mbali, na sitaki mikono nisiyoijua. Unioshe kama unavyomwosha jirani. Lakini ya kwako usiniletee. Mimi nikiwa na uwezo sikukuletea ya kwangu."

"Unaongea mambo gani jioni yote hii?"

"Niahidi, mwenzangu."

"Nimekuahidi. Pole yangu utaipata, lakini hodi yako nitaisikia wapi?"

Wakacheka wote wawili.

Mama Hodi alitangulia. Mtumishi wa kliniki alimkuta asubuhi amekaa kwenye benchi la wazazi, blanketi la mtoto liko mapajani limekunjwa nusu, kichwa kimeegemea ukuta kama anayesikiliza jambo chumba cha pili. Moyo tu, alisema daktari. Kanisa lilipopigiwa simu likajibu kwamba daraja limekatika kwa mvua, watafika kesho yake. Joto lilikuwa halingoji kesho.

Bi Pole alikwenda kwanza kwa imamu. Imamu alikuwa mtu mpole, naye watoto wake wote walipita mikononi mwa mkunga yule.

"Mwoshe, mama," alisema. "Mwoshe kwa ujirani na kwa usafi. Ile ibada ya kumwosha Muislamu usiitie, si yake. Maji ni maji. Kinachoyabadili ni nia."

"Nimekuelewa, shehe."

Na alikuwa ameelewa. Alirudi nyumbani, akachukua kikapu chake nyuma ya mlango kama siku zote, akamwita binti yake amsaidie kumimina.

Walimlaza kwenye chumba chake, kitanda chembamba, dirisha dogo. Bi Pole alikisogeza kitanda ili apate nafasi ya kuzunguka. Akapima maji kwa kiwiko. Akatandika shuka juu. "Pole, shoga," akasema, akasimama kidogo ameshika ukingo wa beseni. Kisha akaanza.

Alikumbuka baadaye kwamba alikuwa akilia, na kwamba akili yake haikuwa mle chumbani. Ilikuwa kwenye pembe zile alizooneshwa utosini, kwenye ngazi, kwenye mvua. Mikono ilikwenda yenyewe. Ilikwenda njia inayoijua.

"Mama," binti akasema polepole.

Hakusikia.

"Mama. Mama, umefanya nini?"

Bi Pole akatazama. Maji ya mwisho yalikuwa yamekwisha kumiminwa, na chumba kizima kilinukia karafuu maiti; kikapu kilikuwa kimefungashwa kama siku zote, na mkono ulikuwa umeingia humo ukatoa kilichomo. Kitanda alichokuwa amekisogeza kilikuwa kimeelekezwa kibla. Mkono wa kulia wa Mama Hodi ulikuwa umewekwa juu ya wa kushoto, kifuani, kama mtu anayesali. Na midomo yake mwenyewe, Bi Pole, ilikuwa bado inacheza. Ilikuwa ikimwombea maneno yale yale aliyowaombea wote, mmoja baada ya mwingine, tangu siku za shangazi.

Alinyamaza. Akaushusha mkono ule, akaulaza ubavuni. Kitanda wakakirudisha kilipokuwa. Wakamvisha gauni lake jeupe, wakamrudishia msalaba shingoni. Lakini harufu hairudishwi.

Watu wa kanisa walifika wamechoka, matope magotini. Mwanamke mmoja mzee, dada yake Mama Hodi, aliinama juu ya uso wa marehemu, akavuta pumzi.

"Ananukia vizuri," akasema. Akamshika Bi Pole mikono yote miwili. "Mungu akubariki, dada yangu. Alituandikia habari zako. Alisema kuna mtu mmoja tu duniani anayemwamini hata akiwa amelala."

Bi Pole alitaka kuivuta mikono yake. Ilishikwa kwa nguvu.

Walimchukua kwenda kumzika kwao. Siku chache baadaye, alasiri, Bi Pole akiwa anachagua mchele, alisikia hodi. Mara tatu, kwa mwachano ule ule. Midomo ilifunguka ijibu karibu, ikakwama. Alitoka akatazama. Njia ilikuwa tupu, na kinyozi alikuwa akinoa wembe.

"Nani amepiga hodi?"

"Hapajapita mtu, Bi Pole."

Ikaja tena, alasiri nyingine, na nyingine. Haikumtisha kwa sauti. Ilikuwa sauti ya heshima kama zamani. Ilimtisha kwa sababu ilikuwa inasubiri. Aliyeko nje alikuwa hawezi kuingia bila kuambiwa karibu, na Bi Pole hakuweza kumwambia karibu mtu ambaye yeye mwenyewe alimsukuma mgongoni, mlango asiouomba, saa asiyoweza kusema sitaki. Alianza kukaa na redio imefunguliwa kwa sauti. Alinawa vidole kwa ndimu, na bado alipovinusa usiku vilinukia karafuu maiti.

Alipokufa mke wa kinyozi walimjia. Alikaa kitandani, amekunja mikono kwapani, akasikiliza wakigonga mpaka wakachoka. Hakumwogopa maiti. Aliiogopa mikono.

Alirudi kwa imamu, akamweleza yote.

"Ulitia nia?" imamu akauliza.

"Ndilo nisilolijua."

"Basi anajua Mwenyezi Mungu." Akafikiri, halafu akatabasamu kwa huruma. "Na kama uliitia, mama, pengine umemtendea jema."

"Jema bila hodi, shehe?"



Ni binti yake aliyelichimbua. Alikuja siku moja baada ya shule, chaki bado iko kwenye mikono ya gauni lake, akazima redio.

"Mama, ile ni mazoea tu. Mikono imezoea. Hata mimi nyumbani naandika tarehe ukutani nikiwa nawaza mengine. Kwa nini unajiua?"

"Si mazoea."

"Ni nini basi?"



"Nilitaka," Bi Pole akasema. "Mkono ulipofika kwenye karafuu maiti, nilijua. Kulikuwa na kitambo kidogo hivi, kama cha kupepesa jicho, nilijua na sikuuzuia. Nilitaka nimkute huko niendako. Niliogopa nisimkute. Watu wote hawa nimewasindikiza, na yule mmoja ninayemtaka nisimwone?" Akajipiga kifua kwa ngumi, kidogo. "Na yeye, mwanangu. Fikiri na yeye. Hofu hiyo hiyo alikuwa nayo juu yangu, miaka yote ile. Aliibeba akatoka nayo nje, kwenye mvua. Mimi sikuweza hata chumba kimoja."

Kokwa la swali lile la zamani lilikuwa limetoka.  Binti alimshika mama yake mkono, ule wa kulia, akaukalisha mapajani mwake kama kitu kilichoumia.

Walikwenda pamoja, kwa basi, mpaka ule mji wa mbali. Makaburi yalikuwa nyuma ya kanisa, yamezungukwa na ua wa michongoma, na lango lilikuwa wazi. Bi Pole hakuingia. Alisimama langoni, akasema, "Hodi." Akangoja. "Hodi, mwenyewe." Akangoja. "Hodi tena." Hapakuwa na aliyejibu, ila mfagizi mmoja wa kanisa aliyeinua kichwa, akaona mwanamke mwenye mtandio amesimama kama mgeni, akasema, "Karibu, mama, hapa hapana mwenyewe."

"Yupo," alisema Bi Pole. Lakini karibu ni karibu, akaingia.

Hakukaa sana. Alisimama miguuni pa kaburi na kusema kwa sauti, kama anavyosema mtu anayerudisha kitu cha watu. "Nimekuja kukutoa nilipokuingiza. Nia ile naiondoa. Ulivyokuwa ndivyo ulivyo. Nikikukuta, nimekukuta, nisipokukuta, ndiyo ahadi." Kisha, kwa sababu mdomo nao una mazoea yake, "Pole, shoga."

Njiani hakulia. Binti alidhani mambo yamekwisha. Hayakuisha, si kwa namna hiyo. Alasiri ile ya kwanza nyumbani, hodi ilikuja tena. Bi Pole aliweka chini ungo. Akasema, "Karibu." Hakuingia mtu. Pazia lilitulia. Inakuja bado, mara chache zaidi, na kila mara anajibu, na kila mara haingii mtu. Pengine, anasema, anayepiga amezoea kujibiwa tu, kuingia si lazima.

Maiti hajagusa tena. Kanisa lilileta mkunga mwingine, msichana mdogo mwenye aibu, na siku aliyozidiwa na wazazi alimkimbilia jirani wa mlango wa bluu. Bi Pole alisita, akatazama mikono yake, akauliza, "Mtoto analia?"

"Analia sana, bibi."

"Basi nakuja. Huyu akikataa atasema."

Ukimtafuta siku hizi yuko kliniki, chumba cha pili, kando ya bomba, anaosha watoto wachanga.